Mzee Mstari na Mkate wa Jibini

Mzee Mstari hakupewa jina hilo bure. Mtaani kwao walikuwepo wazee wenye ndevu, wenye bakora na wenye maneno mengi; yeye alikuwa na mstari. Mstari wa suruali, ule unaoshuka kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu bila kupinda, mkali kiasi kwamba akina mama wa jengo lao walimtania asipite karibu na watoto, asije akawakata. Hata siku ya kwenda kutupa takataka, suruali ilikuwa na mstari. Shuka za kitandani kwake nazo zilikuwa na mstari, na mkewe alizoea kusema kwamba kulala juu ya shuka zile ni kama kulala ndani ya bahasha.

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Kwa miaka thelathini na moja alipiga pasi katika duka moja kubwa la dobi, lile lililokuwa likifua nguo za hoteli, za hospitali, na za mabwana harusi waliokumbuka suti zao siku moja kabla. Siku ya kwanza kazini alipokewa na fundi mkuu wa chumba cha pasi, mtu mfupi mwenye sauti nene, akapewa amri moja tu: pasi haisimami. Pasi ikisimama juu ya nguo, hata kwa muda wa kupiga chafya, inaacha alama, na alama hiyo hakuna sabuni ya kuitoa. Ukitaka kuongea, ongea huku mkono unakwenda. Ukitaka kupiga chafya, piga huku mkono unakwenda. Amri hiyo ilimwingia kijana yule hadi kwenye mifupa. Mpaka anakuwa mzee, akikaa kumsubiri mtu, mkono wake wa kulia ulikuwa ukienda na kurudi juu ya goti wenyewe, bila yeye kujua.

Katika miaka yote hiyo hakuunguza hata leso. Alipostaafu, wenzake walimpa pasi yake mwenyewe iwe zawadi: nzito, ya umeme, mpini umelika kwa kiganja chake. Akaiweka sebuleni juu ya kabati, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Picha ya harusi ilisogezwa pembeni kidogo.

Jikoni, sasa, mzee wetu alikuwa mgeni. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Kufagia alifagia, kufua alifua, na vyombo aliviosha. Lakini jiko hakuligusa. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwalimu kwa sababu ya binti yao wa pekee, ndiye aliyekuwa mwenye jiko. Siku sita kwa wiki, kabla mume hajaondoka kwenda kazini, alimkaangia mkate wa jibini: slesi mbili, jibini katikati, siagi nje, kikaangoni mpaka ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Kisha akaufunga kwenye karatasi ya kaki, ile ngumu ya rangi ya udongo ambayo mzee aliileta kutoka kazini, walikofungia mashati ya wateja. Ukihesabu, ni mikate zaidi ya elfu tisa. Mzee Mstari aliila yote, akaisifu yote, na hata siku moja hakugeuza shingo kutazama inavyotengenezwa.

Basi Jumapili moja asubuhi Mama Mwalimu akakanyaga sabuni bafuni, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wakaenda hospitali, wakarudi na mkono umefungwa plasta ngumu kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Daktari akasema wiki sita.

Jumatatu walikula biskuti na chai. Jumanne, chai na biskuti. Majirani walipouliza hali, Mzee Mstari alijibu kifua mbele kwamba mambo yote yako sawa, wasihangaike. Jumatano mchana mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia binti yao, Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa akiishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Akamkuta mama yake anachovya biskuti kwa mkono wa kushoto kwenye chai iliyokwisha kupoa.

"Baba, hiki ndicho chakula?"

"Ni cha muda tu, mwanangu."

"Cha muda tangu lini?"

Mzee akatazama dari. Mkono wake ukaanza kwenda na kurudi juu ya goti.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amefundisha darasa la saba kwa miaka kumi na miwili, na mtu wa namna hiyo akishaona kosa, halali mpaka alisahihishe. Akatoa hukumu pale pale, bado amesimama na mkoba begani. Mama ataondoka naye, wiki sita, mpaka plasta itolewe. Nyumbani kwake kuna kitanda kimoja cha ziada, chumba cha wajukuu. Baba atabaki, atakuwa anakula kwenye mgahawa wa hapo chini.

Mzee Mstari aliposikia hivyo, roho ilimruka. Tangu waoane, yeye na mkewe walikuwa wamelala mbalimbali siku mbili tu, zile mke alizokwenda kumzaa huyuhuyu Mwalimu. Alizitazama pembe za sebule ile, akajiona amekaa humo peke yake wiki sita, akipiga pasi shuka za mtu mmoja. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

"Na mama yako umemuuliza?" akasema.

Wote wawili wakamgeukia Mama Mwalimu. Mama akaiweka biskuti chini.

"Kwenda sitaki," akasema. "Lakini njaa nayo sitaki."

"Sikiliza, Mwalimu," mzee akasema. "Nitapika. Nipe nafasi nijifunze."

Binti alicheka kwanza, halafu akaona baba yake hacheki. Akakaa, akavua viatu, akafikiri. Shuleni kwake, hata mtoto mzembe hupewa mtihani kabla ya kufukuzwa.

"Haya. Jumamosi narudi na gari la mume wangu. Saa saba mchana nataka nikute chakula kimoja, kimoja tu, Baba, umekipika mwenyewe. Mtu anayejua kupika kimoja atajifunza cha pili. Mama hatanyanyua hata kidole, na jirani asiitwe. Mama akikila akaridhika, anabaki. Akikataa, tunaondoka naye saa tisa."

"Chakula gani?"

"Mama achague."

Mama Mwalimu hakuchelewa hata kidogo, kana kwamba jibu lilikuwa limekaa mdomoni miaka.

"Mkate wa jibini," akasema. "Nataka nionje ambao sikuukaanga mimi."

Jirani wa mlango wa kushoto akaombwa alete chakula hadi Ijumaa, maana Jumamosi alfajiri alikuwa anasafiri. Mwalimu akarudi kazini kwake, na Mzee Mstari akajikaza kisabuni.

Alhamisi asubuhi alivaa shati safi, akafunga aproni ya mkewe juu yake, akaingia jikoni. Mkewe akakaa kwenye kigoda mlangoni, mkono wa plasta umepakatwa mapajani, mdomo umefungwa. Mzee akawasha jiko la gesi hadi mwisho. Kwake yeye moto wa kazi ni moto mkubwa. Kitani hakinyooki kwa kubembelezwa. Akapaka siagi, akapanga jibini, akatia mkate kikaangoni, akachukua mwiko bapa, akaanza kufanya kile alichokijua duniani: akaukandamiza, akausukuma mbele, akaurudisha nyuma, mbele, nyuma, kutoka ukingo hadi ukingo. Slesi ya juu ikateleza ikaiacha ya chini. Jibini likachungulia, likatoka, likaungua likitoa sauti. Alipogeuza, upande mmoja ulikuwa mweusi tii na mwingine mweupe kama ulivyotoka dukani.

Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Wa tatu ulitoa moshi hadi mtu wa ghorofa ya chini akapiga kelele kuuliza kama kuna moto.

"Upo," Mzee Mstari akajibu dirishani. "Lakini nauongoza mimi."

Baada ya wa nne alikaa chini akashika tama. Kisha akili ikamjia, au yeye alidhani ni akili. Kwa nini anapigana na chombo asichokijua, na chombo anachokijua kipo juu ya kabati? Akaishusha pasi. Akatandika ubao wa kupigia pasi katikati ya sebule, akalaza mkate juu yake, akaufunika kwa kitambaa cha pamba alichokilowesha maji, maana vitu vigumu hunyooshwa kwa mvuke, akaweka moto wa kitani, akapiga. Mvuke ukapanda. Mkono ukaenda na kurudi kwa ustadi wa miaka thelathini na moja. Ungemwona ungesema anaandaa suti ya waziri.

Alipofunua, mkate ulikuwa umelowa chapachapa, mwembamba kama barua, na jibini lote limehamia kwenye kitambaa. Akaunyanyua kwa ncha mbili, akamwonyesha mkewe. Mama Mwalimu aliutazama. Akamtazama mumewe na aproni yake.

"Umenyooka kweli," akasema. "Sasa nile au nivae?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu kwa mkono mzima, machozi yakamtoka, na mzee naye ikambidi acheke, ingawa kicheko chake kilikuwa cha shingo upande. Tangu aanguke bafuni, mama hakuwa amecheka. Halafu kicheko kikaisha, kila mmoja akijua imebaki siku moja.

Ijumaa akaanza upya kikaangoni. Mkate wa kwanza ukafa. Wa pili ukafa. Mama Mwalimu kwenye kigoda chake alikuwa akijipinda kama mtu anayetazama mpira timu yake inafungwa. Kwa wa tatu uvumilivu ukamwishia.

"Mzee, huo mkate umekukosea nini?"

"Umekatazwa kunisaidia."

"Nimekatazwa kunyanyua kidole. Mdomo ni wangu. Nakuuliza, umekukosea nini hata unausukumasukuma tangu jana? Si uuache!"

"Nikiuacha utaungua."

"Nani kakwambia?"

Mzee Mstari akafungua mdomo kumtaja aliyemwambia. Akauacha wazi. Aliyemwambia alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nene, katika chumba cha mvuke, miaka mingi iliyopita, na hakuwa akizungumzia mkate. Mzee akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unakwenda na kurudi hewani, mwiko umo ndani yake, na kikaango kiko mbali.

Akazima jiko. Akakaa kwenye ukingo wa meza, akaanza kufikiri kama fundi, jambo ambalo angelifanya tangu Alhamisi kama si kiherehere. Jibini si kitani. Ukiliwekea moto wa kitani linakimbia. Jibini lina tabia ya sufu: linataka moto mdogo na mtu asiye na haraka. Na siagi ndiyo inayofanya kazi ya nje, kwa hiyo haihitaji kusukumwa, inahitaji kuachwa. Alikuwa amenyoosha sufu za watu maisha yake yote, na hapa alikuwa ameisahau kazi yake mwenyewe kwa sababu tu imevaa mkate.

Akawasha tena, moto wa chini kabisa. Akalaza mkate. Akaweka mwiko mbali, akarudisha mikono yote miwili mgongoni, mmoja ukiushika mwingine kama askari na mfungwa, akaanza kuhesabu kwa sauti. Ilipofika thelathini, mkono wa kulia ulikuwa ukitapatapa. Ilipofika sabini, jasho jembamba lilikuwa linamtoka. Ilipofika mia na hamsini akageuza, na hapo, waungwana, chini ya mkate palikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kutoka pembe hadi pembe, bila doa.

"Mama Mwalimu!"

"Nimeona."

"Mama Mwalimu, tazama!"

"Nimeona, mzee, usiniue kwa kelele, hesabu na upande huo."

Wakaula ule mkate wakiwa wamesimama jikoni, kipande kwa kipande. Mzee akafanya mwingine kuhakikisha. Akafanya wa tatu kwa raha tu. Wa nne akaupeleka ghorofa ya chini kwa yule aliyeuliza kuhusu moto, apate kujua moto ulikuwa wa nini. Siku hiyo alipanda ngazi akipiga mluzi, na laiti angenyamaza akausikiliza mtungi wa gesi, ungemwambia kitu.

Jumamosi Mwalimu alifika saa sita na nusu. Alikuwa na begi kubwa la nguo, tupu, amelibeba begani waziwazi. Mzee Mstari alilitazama begi lile, akarudi jikoni. Alikuwa amevaa suruali yake bora. Slesi zilikwisha pakwa siagi, jibini limekatwa na kupangwa, kikaango kinang'aa. Saa saba kamili, mkewe mezani, binti mezani, akawasha jiko, akapunguza moto, akalaza mkate, akarudisha mikono mgongoni.

"Moja, mbili, tatu..."

Alipofika kumi na tano, moto ukasinyaa. Alipofika ishirini, ukazimika.

Akawasha tena, haukushika. Akautikisa mtungi, ukanyanyuka mwepesi kama kikapu. Mazoezi ya siku mbili yalikuwa yameuramba wote. Akampigia simu muuza gesi. Nyuma ya sauti yake palikuwa na ngoma na vigelegele.

"Leo tuko harusini, mzee. Jumatatu."

Mzee Mstari alisimama katikati ya jiko, mkate mbichi umelala kikaangoni, siagi imeanza kuganda tena. Mwalimu alikuja mlangoni, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya upole. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Basi, Baba. Umejitahidi. Nimeona umejitahidi."

Akachukua begi, akaingia chumbani. Ikasikika milango ya kabati la nguo ikifunguliwa.

Mama Mwalimu alibaki mezani. Hakumlaumu mumewe, wala hakumpa pole. Alimtazama moja kwa moja.

"Mzee," akasema, "nina njaa."

Hakuna neno lingine ambalo lingemsimamisha mtu yule. Mzee Mstari akainua kichwa, akatazama sebuleni, juu ya kabati. Pasi ilikuwa pale pale, imesimama kwa kisigino chake karibu na picha ya harusi.

Akaenda kwenye droo ya chini, alikotunza karatasi za kaki zilizobaki tangu kazini, safi, zimekunjwa kwa mistari. Akafunga mkate ndani ya karatasi, mikunjo minne, pembe kwa pembe, kama alivyofunga mashati ya watu. Akatandika ubao, juu yake kitambaa cha pamba, kikavu safari hii, hakuna maji, hakuna mvuke. Akachomeka pasi. Akazungusha kitufe chake, akapita moto wa kitani bila kuutazama, akaweka wa sufu, akafikiri, akaongeza nusu hatua kwa ajili ya karatasi. Pasi ilipopata moto akaisogeza shavuni, kwa mbali, kama alivyofanya kila asubuhi ya kazi. Ilikuwa tayari.

Mwalimu alitoka chumbani na gauni la mama yake mkononi, limekunjwa nusu.

"Baba, unafanya nini?"

"Napika."

Akaiweka pasi juu ya mkate. Na papo hapo, bila kuombwa, mkono ukaanza safari: mbele kidogo, nyuma kidogo. Aliuona. Akaukaza. Mishipa ilimtoka hadi shingoni, kwa maana kila kitu ndani yake kilikuwa kinapiga kelele kwamba pasi haisimami, pasi haisimami, na mbele ya macho yake pasi ilikuwa imesimama. Mkono ukatetemeka. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ujana wake: akafungua vidole, akauachia mpini, akarudi hatua mbili nyuma. Mikono akaifunga mgongoni.

Akavuta pumzi aanze kuhesabu, akatanguliwa.

"Moja," Mama Mwalimu akasema mezani. "Mbili. Tatu. Nne."

"Mama!" Mwalimu akageuka. "Tulisema usimsaidie."

"Sijanyanyua kidole. Tano. Sita."

Akahesabu taratibu, kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo kwenye kamba ya kuanikia. Ilipofika arobaini, karatasi ikaanza kunukia. Ilipofika themanini, siagi ikachora madoa kwenye kaki, na chini ya pasi ikasikika sauti ndogo, ile ya kikaangoni, mzee akaijua. Mwalimu alikuwa ameacha kukunja gauni. Ilipofika mia mbili mzee akanyanyua pasi, akageuza furushi, akaiweka tena, akaiachia tena. Safari hii mkono haukutetemeka sana, na hesabu wakaitoa pamoja, mume na mke, hadi mwisho.

Akafungua karatasi mkunjo mmoja mmoja. Rangi ya chai ya maziwa. Pembe hadi pembe, bila doa, bila alama ya pasi. Akakata katikati kwa kisu, na alipotenganisha vipande, jibini likavutika kutoka kimoja hadi kingine, refu, likagoma kukatika mpaka lilipotaka lenyewe.

Akaupeleka kwenye sahani mbele ya mkewe. Mama Mwalimu akashika kipande kwa mkono wa kushoto, akauma. Akafumba macho. Alitafuna muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji, na mzee aliyesimama kando ya kiti chake alikuwa hata hapumui.

"Unajua," mama akasema alipomeza, "mikate yote ile niliyokukaangia, sikuwahi kula hata mmoja ukiwa moto. Nilikuwa nakufungia wako kwanza. Wangu ukishapoa ndiyo nakaa."

Akauma tena. Chozi lilimdondoka, akaliacha lidondoke, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na plasta na mwingine ulikuwa na mkate. Mzee Mstari akamwekea kiganja begani. Kiganja kilitulia hapo. Hakikwenda wala hakikurudi.

Kipande cha pili Mwalimu alikichukua kwa ncha za vidole, kwa uso wa msahihishaji. Akakiuma upande. Akakiuma katikati. Kisha akakimaliza chote akiwa amesimama, na mafuta akayalamba vidoleni, jambo alilowakataza wanawe kila siku. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane.

Aliingia chumbani, akarudi na begi, akaliweka juu ya kochi, akalifungua. Akatoa gauni, akatoa kanga mbili, akatoa sweta. Akalishika gauni mbele ya baba yake. Lilikuwa limejikunja vibaya kwa kubanwa begini.

"Jumatatu Mama ana miadi na daktari," akasema. "Hawezi kwenda na hili lilivyo."

Mzee Mstari alilipokea kwa mikono miwili. Akafuta uso wa pasi kwa kitambaa safi mara tatu, akajaribu kwanza kwenye leso yake mwenyewe, halafu akatandaza gauni. Mkono ukaenda na kurudi, huru, kama zamani. Harufu ya siagi ilitoka kidogo kwenye mikunjo, na Mama Mwalimu akasema potelea mbali, acha daktari naye atamani.

Mwalimu alikuwa anavaa viatu mlangoni, begi tupu limerudi begani. Akasita.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Safari ni ya saa tatu. Nifungie na mimi mmoja wa njiani. Kwenye kaki."

Mzee Mstari akachukua slesi mbili nyingine.